Kumfuatilia mama aliyejifungua kwa simu: mwongozo kwa manesi wa zahanati na wahudumu wa jamii

Watu wakisikia telemedisini wanawaza skrini kubwa, daktari bingwa kakaa Muhimbili anaongea na mgonjwa aliyeko Ukerewe, intaneti ya kasi, programu ya mamilioni. Ipo hiyo na inasaidia. Ila mama aliyejifungulia zahanati isiyo na daktari, akarudi kijijini nyuma ya bodaboda na kichanga kakikumbatia ndani ya kanga, kwake telemedisini ni kitochi, mtu wa kumpigia siku inayotakiwa, maswali yaliyonyooka, na usafiri kama majibu ni mabaya. Mwongozo huu ni wa hiyo ya kitochi. Ukiwa na simu janja na bando ni vizuri, nitaeleza mbele inaingilia wapi, lakini usikae mwaka mzima ukisubiri mradi ulete tableti ndo uanze.

Kwanza tujue tunaziba pengo gani. Siku hizi wengi wanajifungulia kituoni, TDHS (utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu) ya 2022 inaonyesha vizazi 81 katika kila 100, na vifo vya uzazi vimeshuka toka 556 kwa kila vizazi hai laki moja kwenye ripoti ya 2015-16 mpaka 104. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanataka mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24, afu waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Sasa nenda kaangalie zahanati yako. Mama analala usiku mmoja kama kitanda kipo, asubuhi ndugu wamekuja kumchukua, na mkija kuonana tena ni wiki ya sita kaleta mtoto chanjo, yeye mwenyewe hata hapimwi. Na humo katikati ndo presha ya baada ya kujifungua inapanda zaidi, siku ya 3 mpaka ya 6, na homa ya uzazi inaanza, na mtoto wa manjano anazidi kuwa wa manjano ndani ya chumba chenye giza ambako hakuna anayeona rangi.

Simu haifuti mahudhurio. Mwambie hivo mama mapema, la sivyo atasema nesi ameshanipigia, niende kliniki kufanya nini.

Anza kabla hajatoka wodini

Kosa kubwa la mifumo mingi ni kuandika namba ya simu kwenye kadi kama mtu anavyoandika jina la kijiji, basi. Namba ikiandikwa lazima uulize: hii simu ni ya nani? Mara nyingi ni ya mume, au ya shemeji, au ya mama mkwe, au ni ya kwake ila analala nayo mume. Kwa hiyo chukua namba mbili, na ya pili iwe ya mtu anayeishi karibu naye, sio kaka aliyeko Dar. Afu zipige palepale akiwa amekaa mbele yako. Utashangaa ngapi hazipatikani, laini imefungwa, imebadilishwa, tarakimu moja imeandikwa vibaya. Bora ujue akiwa kitandani kuliko siku ya tatu.

Muulize na saa nzuri ya kumpigia. Vijiji vingi simu inapelekwa kuchajiwa kwa mwenye sola pale senta na inarudi jioni, kwengine mtandao unashika sehemu moja tu, pale kwenye mwembe au kichuguu. Muulize lugha anayoelewa vizuri akiwa anaumwa, maana mtu anaweza kuongea Kiswahili kizuri sokoni, ila akiwa na homa anarudi kwenye Kisukuma chake, na kama wewe hukijui tafuta mhudumu anayekijua.

Afu faragha. Hapa tulia kidogo, usikimbie. Mnakubaliana neno la kuonyesha kuwa kuna mtu anasikiliza, kwa mfano akisema "nitaleta kadi ya mtoto" ujue hayuko huru, unafunga mazungumzo ya ndani unaulizia chanjo mpaka utakapopiga tena. Na mambo ya VVU, dawa za kumkinga mtoto, ukatili nyumbani, uzazi wa mpango ambao mume haujui, haya hayazungumzwi kwenye simu mpaka yeye mwenyewe athibitishe yuko peke yake, na hayaandikwi kwenye meseji kabisa hata kwa mafumbo. Meseji inabaki kwenye simu, mume anaisoma usiku. Kuna wanaume wanaosaidia sana kwenye hili zoezi, sitaki kuwaonea, lakini mpango unapangwa kwa ajili ya yule mama mwenye mume mkali.

Mwisho kabisa kabla hajaondoka, mfundishe kubipu. Asisubiri siku yako ya kupiga, akiona kitu abipu tu, wewe ndo utapiga. Hii ina maana zahanati iwe na simu yake yenye laini yake na dakika zake, isiwe simu binafsi ya nesi ambaye akihamishwa anaondoka na namba. Pesa ya vocha iwekwe kwenye bajeti ya kituo, kamati ya zahanati wakielezwa vizuri wanaelewa, maana dakika za mwezi mzima hazifiki bei ya kumkimbiza mgonjwa mmoja wilayani kwa gari la kukodi.

Daftari

Huhitaji mfumo. Kaunta buku moja, mstari mmoja kwa kila mama: tarehe aliyojifungua, kawaida au upasuaji, presha alipotoka, uzito wa mtoto, namba mbili, saa ya kupiga, kitongoji, jina la mhudumu wa jamii wa huko, afu nafasi tatu za simu. Tarehe za kupiga unazikokotoa siku hiyohiyo unaziandika kwa penseli. Ukiacha uje kukokotoa baadae hutokokotoa. Waliokuwa na presha ya mimba, waliotoka damu nyingi, waliopasuliwa, mabinti wadogo, na wenye watoto chini ya kilo 2.5 unawawekea alama nyekundu, hao wanapigiwa wa kwanza asubuhi, na siku za mwanzo wanapigiwa zaidi ya wengine.

Simu ya kwanza, siku ya pili au ya tatu

Usiulize "unaendeleaje". Sisi tumelelewa kujibu salama. Mtu yuko hoi kitandani ukimwambia hujambo atakujibu sijambo, habari za huko, nzuri. Salamu ni heshima, msalimie, afu ingia kwenye maswali ambayo hayajibiwi kwa "nzuri". Mara nyingi pia anayepokea sio yeye, na namna unavyoongea na huyo aliyepokea ndo inaamua kama utapewa mama au la:

"Shikamoo mama."
"Marahaba, nani mwenzangu?"
"Ni nesi wa zahanati mama, naulizia mzazi wetu na mjukuu."
"Wazima, wamelala."
"Haya tunashukuru mama. Naomba umwamshe kidogo, ni simu ya kliniki, kila mzazi anapigiwa. Na wewe baada yake nitaomba niongee na wewe, kuna kitu nataka unisaidie kuangalia kwa mtoto."

Hiyo sentensi ya mwisho ina kazi. Bibi akipewa jukumu anakuwa upande wako, akipuuzwa ndo huyo atakayesema hizi simu za nini.

Mama akishapokea, damu kwanza. Sio "damu inatoka nyingi?" maana nyingi ya huyu sio nyingi ya yule. Uliza hivi: kitambaa au pedi uliyonayo sasa hivi umeiweka saa ngapi? Imelowa yote? Kuna mabonge? Ukisimama unaona kizunguzungu? Pedi au kitambaa kikilowa chote ndani ya saa moja hiyo ni dharura, acha maswali mengine yote. Halafu harufu: inanuka tofauti na damu ya kawaida? Homa, kutetemeka, maumivu ya tumbo chini? Kichwa: kinauma toka lini, umekunywa panado kikaachia? Macho yanaona ukungu au nyota nyota? Maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu? Uso umevimba? Mguu mmoja umevimba na unauma kuliko mwingine? Kifua, kupumua kwa shida? Mkojo unatoka vizuri, au unavuja wenyewe bila yeye kujua? Hili la mwisho akinamama wanaona aibu kulisema, lazima uliulize wewe, fistula (tundu linalovujisha mkojo au kinyesi ukeni) inaanzia hapo. Aliyepasuliwa muulize kidonda kinatoa maji au usaha.

Kama mhudumu wa jamii wa kitongoji ana mashine ya presha ya kidijitali basi umepata bahati, mtume ampime siku hiyo ya tatu na ya sita. Mama akae ameegemea, miguu chini, dakika tano bila kuongea, mkanda kwenye mkono wa juu sio juu ya shati, akipata namba anakutumia. 140/90 na kuendelea arudi kuonwa siku hiyohiyo hata kama hajisikii vibaya. 160/110 au zaidi, au yoyote iliyopanda ikiwa na kichwa na ukungu wa macho, ni dharura, kifafa cha mimba kinakuja hata baada ya mtoto kuzaliwa na watu wengi vijijini hawajui, wanadhani kimeisha na mimba.

Mtoto, kwa masikio na kwa macho

Ananyonya? Hilo swali pekee halitoshi, uliza mara ya mwisho kanyonya saa ngapi, anavuta mwenyewe au anaachia, anaamka mwenyewe au mnamwamsha, kakojoa mara ngapi toka jana. Mtoto aliyekuwa ananyonya afu akaacha ni wa kukimbizwa, usisubiri dalili ya pili.

Kuhesabu pumzi kwa simu inawezekana na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mwambie bibi (ndo kazi uliyomwahidi) aweke simu laudi, amfunue mtoto tumbo akiwa ametulia, hajalia, hanyonyi. Kila tumbo likipanda aseme "eh". Wewe huku una saa, unahesabu "eh" zake dakika nzima, usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, watoto wachanga hawapumui kwa mwendo mmoja. Zikifika 60 au zaidi mpumzishe kidogo urudie, zikifika tena 60 mtoto aje. Muulize pia kama kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, na kama anakoroma. Ukisikia mtoto analia nyuma ya simu sikiliza kile kilio, cha nguvu au cha kunung'unika.

Manjano usiamini picha ya WhatsApp. Taa ya njano ndani ya nyumba inampaka kila mtoto manjano na kamera nyingine zinapausha. Waambie wamtoe mlangoni kwenye mwanga wa mchana, wabonye kidogo ngozi ya paji la uso na kifua waangalie rangi inayobaki, afu viganja na nyayo. Viganja na nyayo zikiwa manjano, au manjano yameanza ndani ya saa 24 za kwanza, ni kituoni. Joto wakiwa na kipimajoto: 37.5 kwenda juu au chini ya 35.5 ni hatari. Kitovu kikavu bila kupaka kitu ambacho hawakupewa kituoni, na hapa usigombane na bibi kuhusu majivu au samli, muulize tu wameweka nini, akishakuambia ndo mnaongea. Mtoto mdogo wa uzito hakikisha yuko kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, sio amefungwa blanketi sita pembeni.

Jibu likiwa baya

Hapa ndo simu inakuwa matibabu au inakuwa porojo. Kabla hujaanza mpango wowote wa kupigia akinamama jua jibu la hili: saa nane usiku, mama anatoka damu, nani anakwenda na kwa chombo gani?

Tanzania tuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, namba 115, bure, ni ya wajawazito, waliojifungua na vichanga. Ilianzia majaribio huku Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, na kuanzia 2022 ikasambazwa nchi nzima. Ukipiga wanauliza dalili, wanatafuta ambulensi, ikikosekana wanampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye analipwa kwa simu. Kaongee na wahusika wilayani ujue madereva wa upande wako ni kina nani na kama barabara ya kitongoji fulani inapitika masika, kwenye visiwa muulizie boti. Usimwachie mama apige 115 akiwa anatetemeka, piga wewe, afu mrudie.

Ukimrudia usikate. Anayetoka damu: alale chali, afunikwe, akojoe kwanza kama anaweza, mtu amsugue tumbo chini ya kitovu mpaka asikie gumu, mtoto awekwe kwenye ziwa. Anayedegedeka: alazwe upande wa kushoto, asiwekewe kijiko wala kitu chochote mdomoni, vitu vya kuumiza visogezwe. Na simu nyingine inapiga kituo cha afya kinachompokea, waandae damu na watu.

Majibu ya katikati, chuchu imechanika, titi limejaa na linauma ila hana homa, kidonda kinawasha, haya mhudumu wa jamii anapita leo au mama anakuja kesho asubuhi, na unamwandika kwa penseli umpigie tena kesho jioni kujua kama kweli alikuja. Mwenye majibu mazuri unamwambia tarehe ya simu inayofuata, basi, usimchoshe kwa mahubiri ya lishe nusu saa, dakika za simu yake na chaji vina kazi nyingine.

Daktari wa mbali

Bando lako litumie hapa. Mtu anayehitaji video na picha sana ni wewe nesi unayemuuliza daktari wa wilaya, sio mama anayekuuliza wewe. Grupu la WhatsApp la ushauri linafanya kazi kama lina sheria: hakuna jina la mgonjwa, hakuna sura, hakuna kijiji, picha ya kidonda mama akubali kwanza na ipigwe mchana karibu na kidonda tu, na ikishatumika ifutwe kwenye simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo picha ya mzazi kuzunguka kwenye magrupu ya ukoo sio utani. Na swali liandikwe lijibike. "Dokta nina mgonjwa ana presha naomba msaada" halijibiki. Andika hivi:

"Mzazi miaka 24, uzao wa 2, kajifungua kawaida siku 5 zilizopita. Kichwa toka jana, macho ukungu. Presha 152/98 saa 4 asubuhi, nimerudia saa 4 na nusu 156/100. Hana homa, damu ya kawaida. 115 wameshapigiwa, gari litafika baada ya saa moja na nusu. Nianze dawa gani nikisubiri?"

Daktari akiwa wodini anaijibu hiyo kwa kusimama. Akichelewa mpigie, meseji sio ya dharura, na alichojibu kinaandikwa kwenye faili la mgonjwa na muda wake.

Majirani zetu Kenya wana PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health, mama anatuma swali kwa meseji ya kawaida, wahudumu wanalijibu na ya hatari yanapelekwa mbele. Afrika Kusini wana MomConnect, huduma ya meseji kwa wajawazito na wazazi, toka 2014. Nayataja kwa sababu yote mawili yalianzia kwenye simu ndogo, sio kwenye programu.

Wiki ya pili, muulize moyo wake

Machozi ya siku za mwanzo ni kawaida na mengi yanapita ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo uliza wazi, akiwa peke yake: tangu ujifungue umekuwa ukijisikia huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Vitu vilivyokuwa vinakufurahisha bado vinakufurahisha? Akijibu vibaya kwa lolote nenda kwenye maswali kumi ya Edinburgh ya kupima sonona baada ya kujifungua, msomee polepole kwa maneno yake, alama 13 na kuendelea aonwe na mtaalamu, na swali la kumi linalohusu kujidhuru akijibu ndio, hata kama jumla ni ndogo, asiachwe peke yake siku hiyo na mtu aende. Wengi hawatasema "nina sonona", watasema silali hata mtoto akilala, moyo unaenda mbio, mtoto simsikii kama wangu, naona bora nirudi kwetu. Usimwambie ajikaze, ameshaambiwa hivo na kila mtu.

Simu ya wiki ya sita ni fupi: njoo, chanjo za mtoto na wewe upimwe. Kama anategemea kunyonyesha kuzuia mimba mkumbushe inafanya kazi ikiwa mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu bila maji wala uji mchana na usiku, na hedhi haijarudi, kimoja kikivunjika aje achague njia nyingine.

Asiyepatikana na asiye na simu

Piga mara tatu kwa saa tofauti, asubuhi, mchana, na ile saa ya jioni aliyokutajia. Kimya? Siku hiyohiyo jina linakwenda kwa mhudumu wa jamii wa kitongoji, kwa simu, na yeye anakwenda mguu kwa mguu, akifika anakupigia akiwa mbele ya mama na anampa simu yake muongee maswali yaleyale. Asiye na simu kabisa anaingia kwenye utaratibu huu tangu mwanzo. Na mara nyingi asiye na simu ndo binti wa miaka 17 anayeishi kwa watu, ndo aliyekuja wodini bila nguo ya mtoto, kwa hiyo mwandike na alama nyekundu hata kama presha yake ilikuwa nzuri.

Mwisho wa mwezi fungua daftari hesabu waliotoka wodini, afu hesabu ulioongea nao kabla ya siku ya tatu kuisha. Usiangalie asilimia tu, chukua wale usiowapata uwapange kwa vitongoji. Wakiwa wametawanyika, angalia namba unazichukuaje na unapiga saa ngapi. Ukikuta karibu wote wanatoka ng'ambo moja ya mto, hapo vocha haitasaidia, peleka simu moja na mhudumu mmoja akae ng'ambo hiyo.